Simu Niliyoisafisha Mwenyewe

Watu hawajui simu zao zina uchafu kiasi gani. Mimi najua, kwa sababu nimezifungua. Kwenye kitundu cha kusikilizia hujaa nta ya masikio iliyochanganyika na poda. Pembeni mwa kioo huingia jasho, mafuta ya nywele na unga wa mahindi. Nimewahi kufungua simu ya mama mmoja muuza maandazi nikakuta mende wawili waliokauka, wamelaliana juu ya betri. Nimefungua simu zilizotumbukia chooni, mwenyewe akiapa kwamba ilinyeshewa mvua, na harufu ikimsuta palepale kaunta. Hayo yote niliyafuta kwa mswaki na spiriti, saa ya chakula ikifika nikanawa nikala, na chakula kikashuka. Sikuwa mtu wa kuona kinyaa ovyo.

Kinyaa chenyewe nilikuja kukijua Durban, mwaka 2014, kwenye duka lilelile nililokuwa nikifanyia kazi.

Mimi ni mtu wa Ujiji. Ufundi nilifundishwa na mjomba wangu aliyekuwa na meza yake Kariakoo. Nilipomaliza kidato cha nne na matokeo yakawa ya kuficha, alinikalisha pembeni yake akanipa bisibisi. Miaka michache baadaye nilishuka kusini kama wengi walivyoshuka, nikapata kazi kwenye duka la simu Albert Park, chini ya jengo refu la fleti ambalo lifti yake ilikuwa imekufa tangu kabla sijafika. Karibu kila aliyepita mlangoni alikuwa Mkongo. Walinicheka nikisema "hakuna," nami niliwacheka wakisema "haiko," na baada ya mwezi tukawa tunasema vyote viwili.

Bosi alikuwa mtu wa Lubumbashi, wa miaka hamsini hivi, shemasi kwenye kanisa lao. Hatukufungua duka bila sala. Alisimama katikati yetu, amefumba macho, akawaombea wateja watakaokuja siku ile na simu watakazoleta, na mimi Mwislamu niliitikia amina kwa sababu sikuona ubaya wa dua. Tulikuwa mafundi wawili. Mwenzangu alikuwa mwanamume wa rika langu kutoka Uvira, mwepesi wa mkono na wa mdomo. Mimi nilikuwa mwanamke peke yangu, na bosi alinikalisha kwenye meza ya dirishani ili mtaa mzima unione. Kina mama walikuwa wakipita maduka mengine mawili yenye mafundi wanaume ili waje kwetu. "Afadhali hapa iko dada," walisema, wakaacha simu zao pamoja na namba za kuzifungulia, zimeandikwa kwenye vipande vya karatasi. Nilijisikia mtu wa maana.

Nyuma ya duka palikuwa na chumba kidogo chenye pazia badala ya mlango. Humo ndimo vilimokaa vipuri na kompyuta ya duka. Saa ya chakula wanaume waliingia humo, bosi, mwenzangu na marafiki wawili watatu wa bosi, wakila fufu na sombe, ndiyo ugali na kisamvu kwao, na kicheko kilitoka humo kama cha watu wanaotazama mpira. Nikiinua pazia kuchukua kioo au betri, kicheko kilikatika na kwenye skrini kulikuwa na picha ya mlima. Nilidhani wanatazama filamu za uchi. Nikajisemea, watu wazima hao, shauri yao. Sitasema kwamba sikujua kitu. Nilijua kuna kitu, nikaamua kutokijua, kwa kuwa makaratasi yangu yalikuwa ya kuungaunga na kazi nyingine sikuwa nayo. Na tena, mimi mwenyewe sikuwa msafi kabisa. Siku moja nilipokuwa nikijaribu kioo kipya kwenye simu ya mteja, meseji ya mumewe iliingia nikaisoma, kisha nikapandisha juu nikasoma na zilizotangulia, za ugomvi wao wa wiki nzima. Nilimrudishia simu huku nikimtazama usoni kana kwamba tumelala chumba kimoja.

Simu yangu ilikuwa kitochi cha vitufe. Mwanzoni mwa mwaka ule bosi aliingia na simu mbili za kupangusa, moja ya mwenzangu na moja yangu.

"Fundi mwenye kutengeneza simu za watu hawezi kutembea na tochi," alisema. "Nimeshaziweka tayari, akaunti iko ndani. Weye tumia tu."

Niliipokea kwa mikono miwili. Kila siku nilibadilisha vioo vya simu kama ile, lakini sikuwahi kumiliki yangu, na suala la akaunti ni ya nani halikunipitia kichwani. Wateja wengi nao hawakuwa na akaunti. Tuliwafungulia sisi mafundi, tukiwabonyezea "nakubali" kwenye kurasa za masharti ambazo hakuna aliyezisoma, si wao wala sisi.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na saluni ya mama mmoja wa Bukavu, mjane wa makamo, mwenye sauti nzito na vidole vyepesi. Alikuwa na sehemu ya ndani iliyozibwa kwa kitenge, na humo alinisukia mimi, kwa kuwa navaa mtandio na nywele zangu hazionwi na wanaume wa nje. Jumapili moja alasiri, alipotoka kanisani, alifungua saluni kwa ajili yangu tu, akanisuka mistari myembamba iliyozunguka kichwa kama ukili wa mkeka wa duara. Nilirudi chumbani kwangu nikaoga, nikajifunga kanga kifuani, nikajipiga picha tatu mbele ya kioo ili nimtumie dada yangu Kigoma, aliyekuwa akilalamika kwamba nimekonda na namficha. Zilikuwa picha za mtu na dada yake. Mabega wazi, maji bado yakiteremka shingoni, meno yote nje.

Jumatatu nilikwenda kazini na mtandio wangu kama siku zote. Jumanne, tukiwa tumeinamia meza zetu, mwenzangu alisema bila kuinua kichwa:

"Dada, ile misuko imekutoka vizuri."

Niliendelea kulehemu waya kidogo kabla maneno hayajanifikia.

"Misuko gani?"

"Si ile ya kuzunguka..." Alichora duara hewani kwa koleo, kisha mkono ukasimama. Alitazama mtandio wangu. "Aa, nimewaza tu. Wanawake si munasukaka kila Jumapili?"

Nilipeleka mkono kichwani. Mtandio ulikuwa umenikaa barabara, hata unywele mmoja haukutokeza. Nilijaribu kujiambia kwamba labda mama wa saluni amesema. Lakini yule hakuwa mama wa kusemasema, na hata angesema, nani humsimulia mwanamume jinsi mistari ya mwanamke ilivyozunguka?

Ijumaa ya wiki ile bosi alikwenda Queensburgh kununua mzigo wa simu chakavu, na mwenzangu alimfuata kumsaidia kuchagua. Nilibaki peke yangu. Kulikuwa na simu ya mteja iliyohitaji programu iliyokuwa kwenye ile kompyuta tu, kwa hiyo nilikuwa na sababu ya kuinua pazia. Niliketi, nikachomeka simu. Ila programu sikuifungua. Nilifungua mafaili.

Yalikuwa yamepangwa vizuri kuliko vipuri vyetu. Kila mwanamke na folda yake, kila folda na jina: Mama Maandazi. Wa Ghorofa ya Saba. Bibi Arusi. Mke wa Pasta. Katikati yao niliona Fundi, nikajua ni mimi kabla sijabonyeza.

Picha zangu tatu zilikuwemo, mabega na maji na meno. Zilikuwemo pia picha ya pasipoti yangu, picha za watoto wa dada yangu nilizotumiwa, na picha ya paja langu lililotoka vipele mwezi uliotangulia, niliyoipiga nimwoneshe mtu wa duka la dawa, kisha nikaona haya nisimwoneshe. Kila nilichopiga kwa simu ile. Hakuna mtu aliyeigusa simu yangu. Akaunti ilikuwa ya bosi, na kila asubuhi nilipoingia dukani simu ilijiunga yenyewe na intaneti ya duka, ikapeleka picha zangu kwenye akaunti, na kompyuta ikaziteremsha. Nilikuwa nazibeba mwenyewe mkobani, nawaletea.

Za wateja zilinakiliwa kwa mkono. Simu zilizoachwa juu ya meza yangu ya dirishani, kwa sababu hapa iko dada, zilipita nyuma ya pazia nikienda kuswali adhuhuri, pamoja na vile vipande vya karatasi.

Kulikuwa na folda iliyoitwa Saluni. Hiyo sikupaswa kuifungua, na niliifungua. Lilikuwa ziwa la mwanamke mtu mzima, limepigwa picha karibu na dirisha, lenye uvimbe upande mmoja. Kisha picha nyingine ya ziwa lilelile, na nyingine, wiki baada ya wiki. Mama yule alikuwa ameniambia habari hiyo miezi miwili nyuma, akinisuka, kwa sauti ya chini: muuguzi wa kliniki alimwomba afuatilie jinsi uvimbe unavyobadilika. Alizipiga kwa ajili ya muuguzi. Na wanaume watano walikaa mbele ya hizo picha wakala sombe. Nilijua walikula, kwa sababu fufu iliyokauka ilikuwa bado imenasa katikati ya vitufe vya kibodi, na kwenye kipanya palikuwa na alama ya kidole cha mafuta.

Nilikwenda kwenye sinki, nikainama, hakikutoka kitu ila mate machungu. Nikachukua chupa ya spiriti nikanawa mikono hadi kwenye viwiko, nikanawa tena, mpaka ngozi ikawa nyeupe na nyufa zikawasha. Bado niliona kama ina mafuta ya mtu.

Waliporudi na magunia yao sikupiga kelele. Nilimwambia bosi nimeiona folda yangu. Alimtuma mwenzangu mbele dukani, akashusha pazia.

"Weye ulienda kutafuta nini ku kompyuta yangu?"

"Picha zangu zinafanya nini humo?"

"Simu ni ya nani?"

Niliitoa mkobani.

"Simu iko yangu. Akaunti iko yangu. Sasa picha zikiingia ku akaunti yangu, ni mimi nimeiba?" Aliketi, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. Sauti yake ilikuwa ileile ya sala ya asubuhi. "Mwanangu, hakuna mutu alikugusa. Hakuna mutu alikutukana. Tuliona tu mutoto muzuri, tukafurahi."

Neno lile la kufurahi lilinipanda mgongoni kama mdudu.

"Na mama wa saluni?" nikamwuliza. "Yule ni mgonjwa."

Aliyaepuka macho yangu kwa mara ya kwanza. "Ile walifanya vijana, mimi sikupenda." Kisha akaivaa tena miwani, na ujasiri ukamrudi. "Na mbona unanikasirikia mimi peke yangu? Hao wazungu wenye walitengeneza hii simu wanaona yote. Picha zinapita kwao kwanza ndiyo zifike kwangu. Hao umewafanya nini?"

Nilitoa laini yangu, nikaiacha simu juu ya kibodi ile chafu. Mlangoni mwenzangu alinishika mkono wa gauni. "Dada, usikasirike hivyo. Ilikuwa masolo ya wanaume tu." Masolo kwao ni mazungumzo. Niliuvuta mkono wangu, na nilipofika nyumbani gauni lile nililifua mara mbili.

Siku tatu sikuweza kumwambia mama wa saluni. Niliona haya, kana kwamba mimi ndiye niliyempiga picha. Siku ya nne nilikwenda asubuhi kabla wateja hawajaingia, nikamweleza nikiwa nimesimama. Alikuwa akichana wigi juu ya kichwa cha plastiki, na hakuacha kuchana.

"Ni wangapi waliona?"

"Sijui, mama. Watano, labda."

"Shemasi naye?"

"Kompyuta ni yake."

Akachana, akachana. "Jumapili alinipa mukono mlangoni kwa kanisa," alisema. "Aliniuliza kama naendelea muzuri." Akatazama kiganja chake cha kulia, akakipangusa kwenye aproni, polepole, mbele na nyuma, akakitazama tena.

Hakulia mbele yangu. Siku iliyofuata aliingia dukani kwa bosi na kina mama sita wa kanisa lake, nami nikawatazama kutoka dirishani mwa saluni. Niliogopa kuvuka. Hawakukaa sana. Walitoka wamebeba kompyuta yenyewe, imefungwa kwenye kitenge kama mtoto, bosi akiwafuata hadi ukingo wa barabara huku akiongea Kifaransa. Waliiweka sakafuni saluni. Mama akaniambia neno moja, "Fungua." Nilichukua bisibisi yangu nikatoa ile sahani ya ndani inayohifadhi mafaili, na mmoja wao akapanda fleti kwake akarudi na mchi wa kutwangia sombe. Waliitwanga kwa zamu. Wa mwisho alikuwa mama mwenyewe, na alitwanga hata baada ya kubaki vipande vya kung'aa.

Pasta aliwaita kina mama kuwaonya kuhusu kuchukua mali ya mtu. Bosi aliomba msamaha kanisani kwa maneno ya jumla, akavuliwa ushemasi kwa miezi michache, kisha akarudishiwa. Duka lilibaki wazi. Jambo hilo linanichukiza hadi leo ninapoliandika: watu walijua, na wiki mbili baadaye foleni ilikuwa ileile. Uvimbe wa mama ulitolewa hospitalini mwaka uleule, akapona.

Mimi nilikuwa najua jambo ambalo mchi haukuweza kulifikia. Picha za mama zilikuwa ndani ya kompyuta ile. Zangu zilikuwa pia huko juu, kwenye akaunti ya mwanamume yule, kwenye mitambo ya kampuni ambayo sikujua iko nchi gani. Na swali la bosi lilikuwa likinikera kuliko tusi, kwa kuwa lilitoka kwenye mdomo ule na bado lilikuwa na ukweli ndani yake. Waliotengeneza simu nao waliona. Tena niliwasaidia: wateja wangapi niliwabonyezea "nakubali"?

Nilirudi kwenye kitochi mwezi mzima. Kilinitosha kwa kupiga na kupokea, lakini fundi simu kuiogopa simu ni sawa na kinyozi kuogopa wembe. Nikaanza kwenda maktaba ya mjini, kwenye kompyuta za umma, kusoma kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Nikakuta kuna watu, waliotawanyika dunia nzima, wakijificha nyuma ya majina ya bandia, mmoja akijiita kwa jina la mdudu, ambao kazi yao ni kuung'oa mfumo unaoendesha simu, ule uliokuja nayo kiwandani, na kupandikiza mwingine uliotengenezwa na watu wa kujitolea, ambao yeyote anaweza kuyasoma maandishi yake ya ndani akajua unafanya nini.

Mifumo niliyoiona ya maana ilikuwa miwili. Mmoja ulikuwa mkubwa, wa kupendeza, ulioingia kwenye simu nyingi. Ila karibu kila aliyeuweka aliongeza juu yake duka la programu na akaunti vya ileile kampuni kubwa, na hapo sikuona alichokimbia. Wa pili ulikuwa wa watu wachache na mkali mno. Ulikataa kitu chochote kisichosomeka ndani, hata kama bila kitu hicho kamera haiwaki wala intaneti haishiki. Kwa kinyaa nilichokuwa nacho, niliutaka huo mkali.

Kompyuta za maktaba haziruhusu kuchomeka simu. Kwa bahati nilifahamiana na binti mmoja wa Tanga aliyekuwa akisomea mambo ya kompyuta, amepanga chumba Sydenham. Alinikaribisha Jumamosi asubuhi na laputopu yake, yeye akisukuma chapati, mimi nimekaa mkekani na simu ya mtumba niliyoipata kwa mteja wa zamani.

"Dada, kwa nini usifungue akaunti yako tu?" aliniuliza. "Jina lako, nywila yako. Yule mzee hataingia tena."

"Na waliotengeneza simu?"

"Hao hawakuoni wewe. Ni mashine tu inapanga matangazo."

"Hata iliyokuwa nyuma ya pazia ilikuwa mashine," nikamwambia. "Watu walikaa mbele yake wakala."

Aligeuza chapati, akaja kukaa karibu yangu tukasoma maelekezo pamoja.

Simu ya kwanza niliiua. Nilichukua faili la simu inayofanana nayo kwa jina, tofauti herufi moja tu, na simu ikaganda kwenye nembo isiwake tena. Jumamosi mbili nilihangaika kuifufua. Ya pili, yenye ufa kwenye kioo, niliandika kila hatua kwenye daftari kabla ya kubonyeza, na ule mfumo mkali ukaingia. Nilifurahi nusu saa. Intaneti haikushika, kamera ilikuwa giza, na nikimpigia mtu alinisikia kama niko ndani ya pipa. Niliishi nao siku nne kwa ukaidi tu. Siku ya tano nilirudi Sydenham nikauondoa, nikaweka ule mkubwa, mtupu kama ulivyotoka kwa waliouunda, bila duka la kampuni na bila akaunti. Programu nilizichukua kwenye duka dogo la vitu vya bure visivyofichwa: kalenda, ramani, kitabu cha kuandikia, basi.

Ulipowaka uliniuliza lugha na saa. Haukuniuliza jina. Nilisubiri niulizwe, kwa mazoea, kidole tayari, na ukurasa wa jina haukuja.

Ningependa kusema nilipumua. Nilipumua kidogo. Ila kinyaa hakikuwa kwenye mfumo peke yake, kilikuwa kimeshaingia mkononi. Jicho la kamera nililiziba kwa plasta ya kidonda, na hata hivyo nikiwa naoga simu niliiacha nje ya mlango. Ile programu ya meseji ambayo kila mtu alikuwa nayo niliikataa, kwa kuwa ilitaka kwanza isome majina yote kwenye simu yangu. Dada yangu Kigoma alikasirika.

"Picha hutumi, sura hatukuoni, unaandika meseji fupi kama za polisi," alinipigia akasema. "Niambie ukweli. Umeolewa kwa siri na mwanamume mkali?"

Nilimweleza yote isipokuwa ile kanga na mabega. Hayo nilimweleza miaka mingi baadaye, na akaniambia alikuwa amezionesha zile picha kwa majirani wote, akijivuna.

Mama wa saluni ndiye aliyenipa meza. Aliiweka ndani, nyuma ya kile kitenge, akaleta simu yake ya kwanza. "Itoe yote," alisema. Wakaja wale kina mama sita, wakaja wengine. Wengi hawakutaka kuacha akaunti wala programu zao za kuongea na ndugu walioko Kongo, na sikuwalazimisha. Hao niliwafundisha kuzima kupeleka picha, na kubadilisha nywila wao wenyewe. Wachache, labda kumi kwa mwaka mzima, walitaka mfumo ule mtupu. Kwa wote nilikuwa na sharti moja: mwenye simu anakaa kando yangu mpaka nimalize, na namba ya kufungulia anaiingiza kwa mkono wake, mimi nimegeuka.

Mwaka 2015, kabla sijarudi nyumbani, mwenzangu wa zamani aliingia saluni. Alikuwa amemleta mkewe, aliyefika kutoka Uvira wiki ile, mwanamke mdogo wa umbo aliyekuwa bado anatazama kila kitu kwa mshangao. Mkononi alishika simu mpya.

"Dada," alisema, "muwekee bibi yangu ile mfumo yako. Ile haionyeshe mutu kitu." Akainama karibu, akanong'ona. "Mzee ndiye alimupa hii simu. Anasema ni zawadi ya kumukaribisha. Imeshawekwa tayari."

Nilimtazama. Jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Alijua vizuri simu ile ina nini ndani, kwa sababu aliwahi kula mbele ya picha zilizotoka kwenye simu kama hiyo. Nilitaka kumwambia aende akacheke huko kama alivyocheka kwangu. Lakini mke alikuwa amesimama pale, hajui chochote, ameikumbatia simu ile kama nilivyoikumbatia yangu.

"Wewe kaa nje," nikamwambia.

"Mimi ni bwana yake."

"Nje."

Mama wa saluni alisimama na kitana mkononi, na yule bwana akatoka. Nilimwingiza mkewe nyuma ya kitenge, nikamwambia kwa Kiswahili cha kwao na cha kwetu nani aliyempa simu ile na kwa nini. Aliiweka mezani haraka, akafuta viganja kwenye sketi. Nilifanya kazi karibu saa mbili, yeye kando yangu. Ilipowaka upya nilimpa aweke namba yake, nikageuka ukutani.

"Na bwana yangu nimwambie hii namba?" aliuliza nyuma yangu.

"Hilo ni lako, mama," nikamjibu. Sikuweza kumshauri zaidi.

Mkewe alipotoka nje, mwenzangu alirudi mlangoni akaninyooshea mkono, akasema "merci, dada," na uso wake ulikuwa wa mtu anayeshukuru kweli. Nilikuwa nimeshika mswaki na spiriti, nasafisha meza. Niliendelea kusafisha hadi akaushusha mkono wake mwenyewe.